Gari Lililomrudisha Ami Masoud Mlangoni

Siku ile naikumbuka vizuri, mjukuu wangu, ingawa mengine mengi yamenitoka. Ilikuwa baada ya sala ya Alasiri, jua la Jidda bado linachoma, na mie nimekaa kizingitini kwetu Ghulail nikichagua mchele, pale ami yangu Masoud alipoteremka kwenye teksi na mkoba mkononi. Alitoka Riyadh, akakata jangwa zima lile, aje kumtazama mama yake mzazi, yaani bibi yangu, Bi. Mwanaisha, aliyekuwa kitandani kwa maradhi ya moyo, miguu imemvimba hata kusimama kwake kwa kushikiliwa.

Nikainuka upesi. "Shikamoo, ami." Nikanyoosha mkono nimpokee mkoba.

Hakunipa. Wala marahaba hakuitikia, na ami yangu hakuwa mtu wa kukosa adabu hata kwa mtoto. Alikuwa kasimama wima, macho kayakaza kwenye gari lililokuwa mbele ya mlango wetu.

"Zuhura, gari hili la nani?"

"La baba, ami. Kapewa na bosi wake."

Akalitazama tena, upande wa mbele, penye chapa. Rangi ya uso ikamtoka. Halafu akasema, tena kwa sauti ya chini, si ya mtu anayegomba: "Mwambie baba yako, madhali gari hili liko hapa mlangoni, mie humu siingii."

Yule dereva wa teksi alikuwa hata hajamaliza kugeuza gari. Ami akamwita, akapanda, akaenda zake. Na bibi yumo ndani, kaisikia sauti ya mwanawe wa kwanza, anauliza, "Mbona haingii? Masoud, mbona huingii?"

Ungo wa mchele umo mkononi mwangu, na teksi imeshakata kona.

Sasa ngoja nikueleze gari lenyewe, usije ukadhani lilikuwa na shetani. Lilikuwa gari refu la Kimarekani, rangi ya maziwa, viti vyake vipana kama makochi, na boneti yake ndefu mno. Baba akikata kona, pua ya gari ilitangulia mtaa wa pili kabla yeye hajaondoka wa kwanza. Lilitengenezwa na kampuni moja kubwa ya huko Marekani, ya tangu enzi na enzi. Jina lake silitaji. Si kwamba nimelisahau. Hata leo likitajwa katika ukoo wetu, chai inapoa mezani watu wakibishana, na mie nataka uisikilize habari, usiukimbilie ubishi.

Baba yangu, Abdalla, alikuwa dereva wa mfanyabiashara mmoja wa Jidda ambaye ndiye aliyekuwa kafili wake, yaani mdhamini wake wa kukaa na kufanya kazi nchini. Yule mzee alikuwa na magari mengi. Hilo la rangi ya maziwa lilikaa miaka chini ya turubai kwenye ua wake, kwa sababu wakati ule kampuni ile ilikuwa imepigwa marufuku katika nchi za Waarabu. Watu walisema inafanya biashara na Israeli, basi jina lake likaingizwa miongoni mwa majina yasiyotakiwa. Mapya hayaingii, vipuri vyake vinatafutwa kwa kunong'onezana, na yale ya zamani yaliyokuwapo kabla ya marufuku yalibaki barabarani machache machache, kama wageni waliobaki baada ya harusi kwisha. Siku moja mzee yule akamwambia baba, "Abdalla, mimi sina haja nalo. Kama unaweza kulitembeza, lichukue, halas."

Baba alilia, mwanangu. Mtu mzima, ndevu zimeanza mvi, alilia kwa kupewa gari bovu. Maana baba yake, yaani babu yangu Hamdani, alikuwa dereva wa lori la karafuu kule Unguja, na lori lile lilikuwa la kampuni hiyo hiyo, na chapa yake ni hiyo hiyo. Baba alikuwa mdogo, babu akimpakata nyuma ya usukani, lori linashuka kutoka mashambani kwenda mjini likinukia karafuu. Kumbukumbu hiyo ndiyo aliyobaki nayo ya babu. Babu alichukuliwa mwaka ule wa mapinduzi, sitini na nne, na hakurudi tena. Bibi na wanawe wawili wakapata chombo, wakatangatanga, mwisho wakafika huku. Baba alipolipata lile gari alilitengeneza kwa mikono yake, akalisugua mpaka likawa unaweza kujitazama kwenye mlango wake. Na ndilo alilokuwa akimpelekea bibi hospitali.

Basi jioni ile baba aliporudi nikampa salamu za kaka yake. Alikaa chini palepale uani.

"Ananihesabu mie msaliti?" alisema. "Mie? Masoud ananihesabu mie mtu wa maadui?"

Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mwanamke wa kutafuta njia ya mkato. Akasema, "Baba Zuhura, chukua bisibisi uing'oe hiyo chapa, mambo yaishe. Nani atajua?"

"Nikiing'oa nimekiri," baba akajibu. "Nimekiri kosa gani? Hili gari lina kosa gani?"

Swali hilo, mwanangu, ndilo lililonitia wazimu. Kina kosa gani kipande kile cha chuma? Ami hakuwa mtu wa siasa. Alikuwa na duka la masanduku na mablanketi kule Batha, mtaa wa maduka wa Riyadh, anawauzia Wahindi na Wabangali wanaorudi kwao likizo, na sikuwahi kumsikia akizungumzia marufuku yoyote. Na duka lake lenyewe, mie nilikuwa nimeliona, mlikuwa na bidhaa za kila taifa alilopenda Mungu kuliumba. Iweje leo ashikwe na uchungu wa nchi za Waarabu mpaka amruke mama yake mgonjwa?

Wiki zikapita. Simu ikilia kutoka Riyadh, ami huuliza hali ya mama yake. Akisikia ni baba aliyepokea, hukata. Bibi kila siku anadhoofu. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wahenga walisema. Lakini yule aliyewazaa hao ndugu, jembe atalipata wapi? Alikuwa kalala tu, kaugeuzia uso ukuta.

Mie nilikuwa nimemaliza shule, najiona msomi. Nikajisemea, wazee hawa wanagombania jambo wasilolijua. Nitaitafuta kweli ya kampuni hii. Nikiipata, kama ni mbaya nitamshawishi baba aliuze gari. Kama ni nzuri nitampigia simu ami nimweleze, na yatakwisha. Wanasema anayeuliza hapotei. Mie niliuliza, mwanangu, nikapotea.

Nilianza na Ami Saleh, Mhadhrami mwenye duka la pembeni. Aliniambia, "Kampuni hiyo iliwauzia maadui zetu. Mtu mwenye imani hagusi mlango wa gari lake." Nikamshukuru. Natoka, namwona nje ya duka kapaki gari la kampuni nyingine ya Marekani hiyohiyo. Nikarudi nikamuuliza, na hawa je? Akanitazama, akacheka, akasema, "Hao hawamo kwenye marufuku." Nikauliza, kwa nini hawamo? Akasema, "Yalla, binti, nenda kwenu, mama yako anakusubiri."

Nikaenda kwa mwalimu wangu wa zamani wa historia, mwanamke wa Kimisri aliyekuwa akikaa karibu na Sharafiya. Huyo ndiye aliyenivuruga kabisa. Aliniambia kwamba mzee aliyeianzisha kampuni ile zamani hizo alikuwa akiwachukia Mayahudi, na alikuwa na gazeti lililochapisha maneno mabaya juu yao, ya kuwachukia watu kwa sababu ya asili yao tu. "Sasa jiulize," akasema, "mtu aliyewachukia, kampuni yake leo inaitwa rafiki yao."

"Basi mwalimu, ni marafiki au ni maadui?"

"Mwanzilishi kafa. Kampuni ni biashara."

"Kwa hiyo nimwambieje ami?"

Akanimiminia chai.

Nilirudi nyumbani nimeshika kichwa. Maneno yale ya chuki kwa asili ya mtu yalinichoma hasa mie, kwa sababu sisi wenyewe tulikuwa pale Ghulail kwa kuchukiwa kwa asili yetu kule Unguja. Nikaanza kulichukia lile gari. Nikapita karibu nalo nisiliguse. Lakini kesho yake nikamkuta Malam Isa, mzee wa Kihausa aliyekuja hija ujanani akabaki, kaegemea boneti yake anazungumza na baba. Nikamuuliza na yeye. Akasema, "Mwenye kampuni ile? Ah, huyo alikuwa baba wa maskini! Kabla yake gari lilikuwa la matajiri. Yeye akatengeneza gari la mkulima, akawapandishia vibarua wake ujira mpaka na wao wakanunua. Hata watu weusi aliwaandika kazi pale wengine walipowafungia mlango." Na akaipigapiga boneti kama anampigapiga bega rafiki yake.

Mtu yuleyule mmoja! Huyu anamwita baba wa maskini, yule anamwita mchochezi wa chuki, na wote wawili nilivyowatazama hawakuwa waongo.

Mwisho nikamuuliza fundi gereji, maana nilijisemea labda kweli imo katika chuma chenyewe. Akasema chuma kama hiki hakitengenezwi tena duniani. Msaidizi wake akadakia kwamba gari hizi kazi yake kunywa petroli na kuchemsha maji, na kwamba Mjapani ndiye mkombozi wa binadamu. Wakaanza kubishana wao kwa wao kwa Kiarabu na Kiurdu, wakanisahau nimesimama.

Nikarudi ndani kwa bibi. Alikuwa macho. Nikakaa miguuni pake, nikaanza kumkanda.

"Naambiwa umezunguka mtaa mzima," akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Umerudi na nini?"

"Nimerudi nimechanganyikiwa. Kila mtu ana lake. Nilipokwenda sijui kitu, na sasa hivi nimejua vingi, na bado sijui kitu."

Nilidhani atanihurumia. Bibi yangu alikuwa mpole, sauti yake laini kama ya mtu anayebembeleza mtoto. Lakini siku ile aliuvuta mguu wake mikononi mwangu.

"Wee mtoto," akasema, "umemuuliza muuza duka, umemuuliza Mmisri, umemuuliza Mhausa na mafundi wa gereji. Ami yako umemuuliza?"

"La, bibi."

"Baba yako kamuuliza? Hakuna. Nyote mnauliza gari limekosa nini. Hakuna hata mmoja aliyeuliza Masoud anaumwa wapi. Mie nimemzaa yule. Nilimsikia sauti siku ile pale mlangoni. Ile si sauti ya mtu aliyekasirika, ile sauti naijua. Ndiyo aliyokuwa nayo alipokuwa mdogo akiota ndoto mbaya." Akapumua kidogo. "Mwenye kovu usidhani kapoa. Mwite baba yako."

Baba alipokuja, akamwambia, "Nipeleke Riyadh. Kwa gari hilohilo."

Baba akasema daktari hataruhusu, njia ndefu, joto. Akasema atamtafutia ndege. Bibi akasema ndege haiwezi kusimama mbele ya mlango wa Masoud. Mabishano yalikwisha palepale. Mtu hashindani na mama yake mwenye maradhi ya moyo.

Tuliondoka alfajiri: baba kwenye usukani, mie na bibi nyuma, kajinyoosha kiti kizima, kichwa chake mapajani pangu, mito pande zote, na chupa ya chai ya tangawizi miguuni. Mama alibaki na wadogo zangu. Kwenye mlima wa kwenda Taif lile gari likamsadikisha yule msaidizi wa gereji: maji yalichemka, mvuke ukatoka kwenye boneti kama jiko la harusi. Baba akashuka, akasubiri lipoe, akatia maji, tukaendelea. Na uwandani, baada ya Taif, likamsadikisha fundi mkuu: lilikwenda kama linateleza juu ya samli, bibi akalala usingizi ambao hakuwahi kulala kitandani kwake mwezi mzima. Sasa uniambie mwenyewe, mwanangu, gari lile zuri au baya? Mie nililipanda, na sijui.

Tulilala Taif kwa jamaa zetu, tukaingia Riyadh siku ya pili mchana ukiwa unapoa. Batha ilikuwa imejaa watu, kila lugha inasikika. Baba akaliingiza lile gari refu kwenye kichochoro cha ami, watu wanapisha huku wananung'unika, akalisimamisha mbele ya duka la masanduku. Akazima moto. Mikono yake ilibaki kwenye usukani.

Ami akatoka mlangoni na kipimio cha nguo shingoni. Akaliona gari. Akamwona mama yake dirishani.

"Mama!" Akapiga hatua, akasimama. "Mama, shuka. Zuhura, msaidie bibi yako ashuke."

"Zuhura kaa," bibi akasema. "Masoud, mie sishuki. Nishushe wewe."

Ami alikuja mpaka karibu na mlango. Mkono wake ukaenda kwenye kitasa, ukarudi. Ukaenda tena. Na huo, mwanangu, ni mkono wa mtu aliyekuwa akibeba masanduku manne kwa mara moja. Jasho lilimtoka. Watu wa mtaani walianza kukusanyika, na baba pale mbele anatazama mbele tu, shingo kaikaza, anadhani kaka yake anaona kinyaa.

Bibi akateremsha kioo mpaka chini. "Masoud, mwanangu, unaumwa wapi?"

Ami akajibu, na kwanza hatukumsikia. Bibi akamwambia aseme tena.

"Lile lori, mama."

"Lori gani?"

"Lililomchukua baba."

Baba akageuka.

"Nyinyi mlikuwa mmefichwa kwa jirani," ami akasema. "Mie nilitoroka nikarudi. Nilikuwa nyuma ya ukuta wa kisima. Walimpandisha baba nyuma ya lori na wenzake, na lori likanijia mbele kabla ya kukata kona. Uso wa baba sikuuona. Niliiona chapa ile tu. Kila nikiiona…"

Baba akafungua mlango wake, akashuka, akazunguka gari. Alikuwa mweupe kama mgonjwa. "Chapa hii, kaka? Una hakika? Hii ndiyo ya lori la baba mwenyewe. Lile alimokuwa akinipakata."

"Najua."

"Ndilo hilohilo? Walimchukua kwa lori lake?"

"Sijui, Abdalla. Malori ya chapa ile yalikuwa mengi. Miaka yote najiuliza. Sijui."

"Na kwa nini hukusema? Kwa nini ulituachia tuamini ni habari ya maadui na marufuku?"

"Sikusema mimi hivyo. Nyinyi ndio mliosema, nikawaacha. Hilo watu hulielewa," ami akajibu. "Hili jingine ningelisemaje?"

Wakasimama wale ndugu wawili, kila mmoja ana lori lake kichwani, na lori ni moja, au si moja. Hakuna mtu aliye hai awezaye kusema. Baba yangu alipoitazama chapa ile aliona mapaja ya baba yake na harufu ya karafuu. Ami alipoitazama aliona mwisho wa dunia. Na mie nilikuwa nimezunguka Jidda nzima nikiuliza habari za Marekani!

Ni bibi aliyewaita. "Basi ingieni," akasema. "Nyote wawili. Mie sina nguvu ya kupiga kelele dirishani."

Baba ndiye aliyemfungulia kaka yake mlango, ili asikishike kile kitasa. Ami akainama, akaingia, akakaa ukingoni mwa kiti, na bibi akakilaza kichwa cha mwanawe kifuani kwake. Ami alilia kilio cha mtoto, sauti yote, mbele ya Wahindi na Wabangali na Wayemeni wa Batha, na hakuna aliyecheka. Mmoja alileta maji. Baba alisimama nje kashika mlango mpaka mwisho.

Sitaki kukudanganya kwamba baada ya hapo yote yalinyooka. Bibi alibaki Riyadh, akauguzwa nyumbani kwa ami, na baba akawa anakwenda kila apatapo ruhusa kwa kafili wake. Akifika, gari hulisimamisha mtaa wa nyuma, kwa hiari yake, bila ya kuambiwa. Na ami alipokuja kwetu Ghulail alipita ubavuni mwa gari, uso kaugeuza, akaingia ndani akala chakula. Hakulipenda kamwe. Baba naye hakuliacha mpaka lilipokufa lenyewe. Bibi alifariki kabla ya mwaka kwisha, na jeneza lake walilibeba wote wawili, bega kwa bega, na hilo ndilo alilokuwa akilitaka.

Halafu, mwanangu, marufuku ikaondoka. Kimyakimya tu, siku moja haikuwapo. Wenye maduka waliokuwa wakiniambia mtu wa imani hagusi mlango wa gari lake wakawa wanayaendesha na kuyapigia honi magari hayohayo, mapya kabisa. Watoto wa ami mwenyewe walinunua moja, kubwa, la kwendea jangwani. Nilimuuliza ami, "Na hili je?" Akasema, "Watoto hawakuwa nyuma ya ukuta ule. Waache waendeshe." Mpaka leo neno lile nalizungusha kichwani, silimalizi.

Nakuhadithia haya kwa sababu juzi niliwasikia wewe na nduguzo hapo sebuleni, mna simu mkononi kila mmoja, mnabishana juu ya kampuni hiihii. Huyu anasema ndiyo iliyoijenga Marekani, yule anasema imekwisha, mwingine katoa picha ya mwanzilishi na maneno yake mabaya, mwingine katoa picha ya vibarua wake wanaofurahi. Na nyote mnao ushahidi. Mkanigeukia, mkaniuliza mie mzee nihukumu. Mie sina hukumu. Nilianza kuuliza kabla mama yako hajazaliwa, na jawabu sijalipata. Lisemwalo lipo, wanasema. Mie naongeza: lisemwalo lipo, lakini mara nyingi lipo na mwenzake wa kulipinga, na wote wawili wanakaa nyumba moja.

Nasaha yangu basi ni hii, na isikilize kama amana. Jina likisifiwa, usilibebe kichwani. Likitukanwa, usilitupie jiwe. Kubwa lolote lililokaa duniani muda mrefu limeshapita juu ya watu wengi. Wengine liliwabeba, wengine liliwaponda, na wote wana haki ya kusema walichokiona. Usione haya kusema "sijui". Nimeona watu wakiharibu undugu kwa kuogopa neno hilo moja. Na kubwa zaidi: ukimwona mtu wako amekasirika kwa jambo ambalo hasira yake haitoshani nalo, usikimbilie kulichunguza lile jambo. Umchunguze yeye. Kaa karibu naye, umuulize kwa upole anaumwa wapi, na akikwambia, usimwambie kwamba amekosea. Pengine maneno ya dini anayoyasema, au ya siasa, au ya bei, ni shuka tu kajifunika, kwa kuwa ule uchi wa chini hajui auonyeshe vipi.

Mola akupe masikio mapana na ulimi mzito, mwanangu. Akupe ndugu wa kubishana nao, na akuachie mama wa kuwaita nyote ndani. Na siku utakapochanganyikiwa, kwani hiyo siku itakuja, akukutanishe na mtu asiye na haraka, akae nawe mpaka maneno yapatikane. Amin, ya Rabbi, amin.